Pakiti 327: mchanganuo wa biashara unavyolipima wazo la dagaa

Ukikaa kibarazani Ujiji au Mwanga, mjini Kigoma, jioni yoyote, wazo hili halikawii kutajwa: dagaa wa Kigoma wanasifika nchi nzima, lakini wengi humfikia mlaji wakiwa na mchanga, kwa hiyo atakayewaanika kwenye chanja iliyoinuliwa juu ya ardhi, akawachambua na kuwafunga kwenye pakiti ya gramu 250 yenye lebo, atauza mpaka achoke. Kila kipande cha maneno hayo kina ukweli ndani yake, na hapo ndipo hatari ilipo. Wazo la kijinga halimli mtu mtaji, maana hata mwenye nalo haliamini. Linalokula mitaji ya watu ni wazo linalofanana na kweli.

Ipo karatasi inayoweza kulikamata wazo la namna hiyo mapema, kabla halijagharimu zaidi ya nauli na vocha. Inaitwa mchanganuo wa biashara, na jina lake limeharibika. Wengi wanaujua kama andiko la kuombea mkopo: mtu anakwenda steshenari, analipa, anachapiwa kurasa ishirini zenye dira, dhamira na jedwali la faida ya miaka mitano. Andiko lenyewe lilikuwa la mtu mwingine aliyetaka kufuga kuku. Limefutwa kuku, limewekwa dagaa. Usishangae ukurasa wa 14 ukikuta bado unataja chanjo ya kideri.

Andiko hilo linaweza kupita mezani kwa ofisa mikopo. Aliyelinunua halimfundishi kitu, kwa sababu elimu yote ya mchanganuo imo katika kuzitafuta tarakimu za kujazia, na hapa aliyezitafuta ni kijana wa steshenari, naye kazitoa kichwani. Mafunzo ya ujasiriamali ya Shirika la Kazi Duniani, ILO, yanayotumika katika nchi nyingi, yamegawanywa katika hatua nne: kupata wazo, kuanzisha, kuboresha na kupanua biashara. Kwa maoni yangu, mitaji mingi inafia kati ya hatua ya kwanza na ya pili. Wazo limepatikana, shauku imepanda, fedha za kikoba zimetoka, na hakuna aliyekaa chini kuuliza ni jambo gani likigeuka kuwa uongo biashara nzima inaanguka.

Tulitumie wazo hilohilo la dagaa. Bei na gharama zote zitakazotajwa ni za mfano tu. Bei ya mwaloni, yaani pale ufukweni mitumbwi inaposhusha samaki, hubadilika hata kati ya alfajiri na saa nne asubuhi. Hesabu ndiyo ya kushika.

Sentensi moja kwanza

Kabla ya kurasa, andika sentensi moja inayojibu nani, ananunua nini, kwa kipimo gani, kwa bei gani, mara ngapi. Kwa mfano: "Familia ya mfanyakazi wa Tabora mjini itanunua pakiti 2 za gramu 250 za dagaa wasio na mchanga kila mwezi, kwa shilingi 8,000 pakiti moja."

Sentensi hii ina faida moja kubwa: inaweza kuwa ya uongo. "Watu wanapenda dagaa safi" haiwezi kukanushwa na mtu yeyote, kwa hiyo haikusaidii. Lakini 8,000 inaweza kukataliwa. Pakiti 2 zinaweza kuwa nusu pakiti. Familia ya mfanyakazi inaweza kuwa na shangazi Kibirizi, huko huko Kigoma, anayeituma furushi kila mwezi bila malipo, na ukikuta hivyo kwa familia nne kati ya kumi umeokoa fedha zako zote.

Kwa nini Tabora? Kwa sababu Kigoma yenyewe ni mahali pabaya pa kujaribia. Mnunuzi wa Kigoma anawaona dagaa wabichi, anazijua bei, na ana mtu wake mwaloni. Tabora ndipo Reli ya Kati inapogawanyika, tawi moja kwenda Mwanza na jingine Kigoma; ni mji mkubwa, hauna ziwa, na mzigo mdogo unafika kwa basi au treni. Likikubalika huko, Dar es Salaam inaweza kufikiriwa. Likikataliwa huko, Dar haitaliokoa; itaongeza nauli tu.

Ukienda kuuliza, usiulize "unaonaje wazo langu?" Mswahili hamvunji mgeni moyo, atakwambia zuri sana, atakuombea dua, na hatanunua. Uliza yaliyokwisha kutokea. "Shikamoo mama. Mara ya mwisho ulinunua dagaa lini? Wapi? Walikuwa kiasi gani, na ulilipa shilingi ngapi?" Kisha nyamaza. Majibu kumi ya namna hiyo yana uzito kuliko mia moja ya "nitanunua".

Beba na mizani ndogo ya jikoni. Sokoni dagaa wanauzwa kwa kopo, kwa sado, kwa fungu, na mteja analinganisha kwa macho: fungu hili kubwa, pakiti yako ndogo. Nunua fungu, lipime, andika gramu na bei. Rudia kwa wauzaji watano. Hapo utaijua bei ya kilo ambayo pakiti yako inashindana nayo, bei ambayo muuzaji mwenyewe pengine hajawahi kuipiga hesabu. Uangalie pia kilichomo: dagaa watupu wana bei yake, na waliochanganyika na mgebuka wachanga, samaki wengine wa ziwa hilohilo, wana bei nyingine.

Maji ndiyo yanayonunuliwa

Hapa ndipo michanganuo mingi ya dagaa inapopasuka, na ni hesabu ya darasa la sita. Samaki mbichi ni maji kwa robo tatu au zaidi. Ukinunua kilo 100 za dagaa wabichi, umenunua takriban kilo 75 za maji na kilo 25 za samaki. Ukiwakausha mpaka maji yabaki asilimia 12, zile kilo 25 zitakuwa asilimia 88 ya mzigo mkavu: 25 gawanya kwa 0.88, unapata kilo 28.4. Toa waliovunjika, vichwa vilivyokatika, takataka na wachache walioliwa na kunguru. Ukibaki na kilo 25 za kufungasha umefanya vizuri. Ni pakiti 100 za gramu 250.

Kwa hiyo kilo moja mbichi ni pakiti moja. Ni rahisi kukumbuka, lakini usiiamini mpaka uipime mwenyewe. Mwaloni kipimo ni beseni au ndoo, na ndoo haina kilo maalumu. Iliyojaa kwa juujuu na iliyoshindiliwa hazilingani. Pima ndoo tatu za siku tatu tofauti ndipo uandike wastani. Wakati wa kuanika pima jambo lingine: kilo ngapi zinakaa kwenye mita mraba moja ya chanja bila kupandana. Anayerundika ili amalize haraka anapata dagaa wakavu juu na wabichi chini, wanaoanza kunuka kabla hawajakauka. Eneo la chanja, zaidi ya wingi wa dagaa ziwani, ndilo litakalosema kwa siku unaweza kuanika kiasi gani.

Sasa gharama za pakiti moja, kwa bei ya mfano ya shilingi 4,000 kwa kilo mbichi. Dagaa wenyewe 4,000. Bajaji ya kutoka mwaloni, 10,000 kwa kilo 100, ni shilingi 100 kwa pakiti. Vibarua wawili kwa siku mbili, kila mmoja 8,000 kwa siku, ni 32,000, yaani 320. Mfuko na lebo 500. Usafiri hadi Tabora 200. Jumla 5,120. Dukani unaiuza kwa jumla 6,500, mwenye duka anaiuza 8,000. Kinachobaki kwako kwa kila pakiti ni 1,380.

Hicho 1,380 bado si faida. Kina kazi ya kulipa gharama ambazo zipo hata usipouza pakiti moja. Tuseme kwa mwezi: pango la chumba na uwanja wa kuanikia 80,000; mchango wa mlinzi 60,000; simu na bando 20,000; leseni na ada nyingine zikigawanywa kwa miezi 12, 15,000; kuchakaa kwa chanja zilizogharimu 600,000 na kudumu miaka miwili, 25,000; na mshahara wako mwenyewe 250,000. Jumla 450,000.

450,000 gawanya kwa 1,380 ni 326 na kidogo, na pakiti haiuzwi kwa vipande, kwa hiyo 327. Chini ya pakiti 327 kwa mwezi unakula mtaji. Juu yake unaanza kupata. Ukirudi kwenye ile sentensi ya mwanzo, ambapo kila familia inanunua pakiti 2, unahitaji familia 164 zinazorudi kila mwezi bila kukosa. Ghafla wazo lina ukubwa unaoonekana. Familia 164 zinaweza kutafutwa mtaa kwa mtaa. "Soko kubwa la Tabora" haliwezi kutafutwa.

Kuhusu ule mshahara wa 250,000: mtu akiufuta, gharama za mwezi zinashuka hadi 200,000 na pakiti zinazohitajika zinakuwa 145 tu. Ni kishawishi kikubwa, na ndiyo njia rahisi kuliko zote ya kulifanya wazo baya lipendeze. Biashara inayosimama kwa sababu mwenyewe halipwi ni kibarua kisicholipwa, tena chenye madeni. Uandike mshahara hata kama mwaka wa kwanza hutauchukua.

Sukuma tarakimu mpaka zianguke

Mchanganuo wenye tarakimu moja moja ni picha ya siku nzuri. Chukua kalamu ya rangi nyingine, badilisha kitu kimoja kwa wakati, uone kinachovunja.

Bei ya mwaloni ikipanda kutoka 4,000 hadi 5,000, kinachobaki kwa pakiti kinashuka kutoka 1,380 hadi 380. Pakiti za kufidia gharama zinaruka kutoka 327 hadi 1,185. Bei imepanda kwa robo. Kazi yako imezidi mara tatu na nusu.

Rudisha bei kwenye 4,000, lakini mvua ikunyeshee mzigo, na kilo 100 zitoe pakiti 80 badala ya 100. Dagaa wa kila pakiti sasa ni 5,000, vibarua 400, bajaji 125, mfuko na usafiri palepale. Gharama 6,225, kinachobaki 275. Unahitaji pakiti 1,637.

Ukiweza kumshawishi mwenye duka anunue kwa 7,000 badala ya 6,500, kinachobaki ni 1,880 na pakiti zinazohitajika ni 240.

Angalia vilivyojitokeza. Pango la 80,000, ambalo watu hulipigia kelele wiki nzima na mwenye nyumba, halina nguvu ya kuiua biashara hii. Hata likipanda mara mbili, utahitaji pakiti 385. Vinavyoiua ni bei ya alfajiri mwaloni, na kilo ngapi kavu zinatoka kwenye kilo mia mbichi. Basi nguvu zako zote za utafiti ziende huko: bei zipigwe picha kila siku kwa wiki nane, wakaushaji wenye uzoefu waulizwe hasara zao za msimu wa mvua. Mtu hujifunza ujasiriamali hapa, anapogundua kwamba jambo lililokuwa likimkosesha usingizi halikuwa lenyewe.

Kalenda ya ziwa haifuati kalenda ya benki

Jedwali la steshenari linagawa mauzo ya mwaka kwa 12, kila mwezi sawa. Ziwa Tanganyika halijui hilo.

Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, katika giza. Mbalamwezi ikikolea, mwanga wa taa hauwavuti tena, na wavuvi hupumzika kwa wiki moja hivi kila mwezi mwandamo. Kwa hiyo mwezi wako wa kununua una wiki tatu, na siku za kwanza baada ya mapumziko kila mnunuzi yuko pale pale na fedha mkononi. Ratiba ya manunuzi iandikwe kwa kufuata mwezi wa angani, na mauzo kwa kufuata tarehe za mishahara. Viwili hivyo havikutani, na stoku ndiyo inayoziba pengo lao.

Halafu mvua. Kigoma inanyesha kuanzia Oktoba au Novemba hadi Aprili au Mei. Katika miezi hiyo hesabu ya pakiti 80 si ya kubuni. Anayetaka kuanika mwaka mzima aweke kwenye gharama za kuanzia chanja zenye paa la plastiki angavu, au aandike waziwazi kwamba miezi hiyo ataanika nusu.

Halafu kufungwa kwa ziwa. Mwaka 2024 uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulisitishwa kwa miezi mitatu, Mei 15 hadi Agosti 15, kwa makubaliano ya nchi nne zenye ziwa hilo: Tanzania, Burundi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Zambia. Lengo ni samaki wazaliane na wakue, na sina ugomvi nalo. Lakini Mei hadi Agosti ni jua la kuanikia! Mchanganuo usio na ukurasa wa jambo hilo haufai kuitwa mchanganuo.

Tupige hesabu yake. Tuseme unauza pakiti 400 kwa mwezi, kwa hiyo faida ni 102,000. Miezi tisa inakupa 918,000. Miezi mitatu ya kufungwa, bila mauzo, gharama za kudumu zinakula 1,350,000. Mwaka umeisha kwa hasara ya 432,000, ingawa kila mwezi uliofanya kazi ulikuwa na faida. Ili mwaka usimame bila hasara, miezi tisa lazima ibebe mzigo wa kumi na miwili: pakiti 435 kila mwezi. Au uweke akiba ya dagaa wakavu kabla ziwa halijafungwa. Hapo mchanganuo unaongezeka mstari wa ghala, mstari wa mtaji uliolala, na jaribio la kujua wanakaa miezi mingapi kabla mafuta yao hayajaanza kuchacha. Dagaa ni samaki wa mafuta. Wakikaa kwenye joto na mwanga hugeuka njano na harufu inabadilika hata kama ni wakavu kabisa. Wengine wangeziba miezi hiyo kwa mawese, nayo ina msimu wake na inastahili karatasi yake.

Mali kauli

Faida na fedha iliyopo mkononi ni ndugu wasioishi nyumba moja. Maduka mengi yatakupokea kwa mali kauli: weka mzigo, nikiuza nitakulipa. Tuseme nusu ya maduka yanalipa papo hapo na nusu yanalipa baada ya siku 30.

Mwezi wa kwanza unatengeneza pakiti 400 kwa 5,120, ambazo ni 2,048,000. Ongeza gharama za mwezi 450,000. Zimetoka 2,498,000. Zimeingia za pakiti 200, yaani 1,300,000. Daftari la faida linasema umepata 102,000. Sanduku linasema umepungukiwa 1,198,000. Mwezi wa pili zinaingia 1,300,000 za zamani na 1,300,000 za sasa, jumla 2,600,000, na shimo linapungua kwa 102,000 tu. Kwa mwendo huo litazibika karibu mwaka mzima ukipita, ikiwa hakuna duka litakalofunga na mzigo wako ndani na ziwa halitafungwa katikati. Fedha hiyo ya shimo ni mtaji wa kuzungushia. Ndiyo inayosahaulika katika karibu kila ombi la mkopo: mtu anaorodhesha chanja, mizani, mashine ya kubania mifuko, anapata fedha za vyote hivyo, na wiki ya tano hana shilingi ya kununulia dagaa.

Kwa hiyo wenye maduka waulizwe maswali matatu kabla ya kuonyeshwa lebo: unalipa lini, unataka faida kiasi gani kwa pakiti, na mzigo usipotoka unarudi kwa nani? La tatu ndilo linalovunja urafiki.

Jaribio la pakiti 40

Mpaka hapa umetumia kalamu na nauli. Sasa tumia fedha kidogo kununua jibu ambalo kalamu haina.

Nunua kilo 40 mbichi, 160,000. Kibarua mmoja siku mbili, 16,000. Mifuko na lebo, 20,000. Bajaji 5,000, basi hadi Tabora 10,000. Jumla 211,000, na ukiuza hata nusu kwa 8,000 umerudisha 160,000. Usikimbilie maduka makubwa. Hayatapokea chakula cha pakiti kisicho na alama ya ubora ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania, na yako sahihi. Uza kwa oda: walimu wa shule moja, ofisi moja, kikundi kimoja cha kuweka na kukopa, na muuza dagaa mmoja wa sokoni anayekubali kuziweka kando ya mafungu yake. Ndugu wasihesabiwe. Shangazi atanunua hata jiwe likiwa na jina lako.

Kabla ya kufungasha, hakikisha ukavu. Chukua gramu 100 za mzigo unaodhani ni tayari, waanike siku moja zaidi juani, upime tena. Wakishuka chini ya gramu 95, mzigo wote urudi kwenye chanja. Ukibania dagaa wenye unyevu, mvuke unabaki ndani ya mfuko na baada ya wiki chache ukungu unaonekana kupitia plastiki, mbele ya mteja, chini ya jina lako na namba yako ya simu.

Na kabla ya kupanda basi, andika mstari wa kuacha, uweke na tarehe na sahihi: "Zikiuzwa pungufu ya pakiti 24 ndani ya siku 14, au wakiagiza tena pungufu ya wanunuzi 8, sentensi ya mwanzo ni ya uongo na ninaibadilisha." Tarakimu ziwe zako, lakini ziandikwe kabla. Zikiandikwa baada ya matokeo, moyo ndio utakaoziandika. Wanunuzi wa mara ya pili wana uzito kuliko wa mara ya kwanza, maana wa kwanza anaweza kuwa amenunua mfuko mzuri. Wa pili amenunua dagaa.

Makaratasi ya serikali nayapitia haraka kwa sababu hayaui wazo, yanalichelewesha tu. Namba ya mlipakodi ya TRA, Mamlaka ya Mapato, hutolewa bure. Jina la biashara ni BRELA, wakala wa usajili wa biashara; leseni ni halmashauri, mazao ya samaki yanayosafirishwa ni ofisa uvuvi, alama ya ubora ni TBS. Anza na SIDO, shirika la viwanda vidogo lililoundwa mwaka 1973, kwa sababu wao huwaelekeza wasindikaji wadogo namna ya kuipata alama hiyo. Kila moja iwe na mstari wake: ada, siku, na kinachohitajika kabla yake. Ada usikisie, piga simu. Na kama unalenga mkopo usio na riba wa asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambapo 4 ni za wanawake, 4 za vijana na 2 za watu wenye ulemavu, peleka mchanganuo ukiwa na matokeo ya pakiti 40 yameambatishwa. Mezani kwa ofisa kutakuwa na maandiko yenye faida ya miaka mitano. Yenye jaribio lililofanyika yatakuwa machache.

Neno moja kuhusu makosa ya kimaandishi. Ukijikuta umeandika "Dar es Salaam ina mamilioni ya watu, nikipata asilimia 1 tu…", futa. Asilimia hiyo haijatoka popote. Haina majina, haina mtaa. Na tarakimu iliyokosewa usiisugue kwa raba. Ikate kwa mstari mmoja ili isomeke, andika mpya juu yake na tarehe. Baada ya miezi miwili karatasi itakuwa mbaya kuitazama, na itakuonyesha ulikuwa ukidhani nini kabla hujajua.

Siku ya 14 imefika, pakiti 17 zimerudi. Zimeuzwa 23, na mstari ulisema 24. Hapa utasikia sauti ikisema moja si kitu. Usiijibu kwanza. Zipange zile 17 mezani, uzipime moja moja zikiwa bado zimebanwa, ukitoa uzito wa mfuko. Zilizopungua chini ya 250 zinaeleza kwamba dagaa waliingia na maji na mfuko unavuja mvuke. Zilizoongezeka zinaeleza kwamba mbano ni mbaya na unyevu wa nje unaingia. Vyote viwili ni vya chanja na mashine, na vinarekebishika kabla ya jaribio la pili. Zote zikiwa 250, harufu ikiwa ileile, hakuna ukungu, basi dagaa hawana kosa. Rudi kwenye ile 8,000, waulize wasionunua mara ya mwisho walilipa kiasi gani kwa fungu, na kama jibu ni elfu tatu, anza karatasi mpya ya pakiti ya gramu 100: dagaa 1,600, vibarua 128, bajaji 40, usafiri 80, na mfuko, ambao bei yake haitashuka kwa uwiano huo.